Mchoro, Modeli na Msimbo: Uchambuzi wa Zana za Kusanifu Programu kwa Michoro

Miongoni mwa kazi zote za uhandisi, utengenezaji wa programu za kompyuta una tabu moja isiyowakabili wajenzi wa madaraja wala mafundi wa mitambo, nayo ni kwamba kitu kinachojengwa hakina umbo. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alilieleza jambo hili katika insha yake ya mwaka 1986, "No Silver Bullet", akidai kwamba anayejaribu kuichora programu hujikuta akihitaji michoro kadhaa iliyolaliana, mmoja ukionyesha mpangilio wa utekelezaji wa amri, mwingine mtiririko wa data, mwingine sehemu ipi inategemea ipi, na mwingine mfuatano wa matukio katika wakati, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaostahili kuitwa picha ya programu yenyewe. Hata hivyo watengenezaji wa programu wamekuwa wakichora tangu enzi ya kompyuta za kwanza, na kwa zaidi ya nusu karne zimebuniwa zana nyingi za kuwasaidia, baadhi zikiuzwa kwa bei kubwa na kwa ahadi kubwa zaidi. Swali linalochambuliwa hapa ni kwa nini baadhi ya michoro na zana hizo zimedumu ilhali nyingine zimetelekezwa. Jibu linalotetewa ni kwamba hatima ya kila moja haikuamuliwa na uzuri wa alama zake bali na uhusiano wake na msimbo, yaani maandishi ya amri ambayo hatimaye kompyuta huyatekeleza, kwa maana kwamba mchoro unaodumu ama ni ule ambao mashine yenyewe inauhitaji, ama ni ule uliochorwa kwa gharama ndogo kiasi kwamba hakuna anayeumia ukitupwa.

Mchoro wa kwanza wa programu ulitokana na utafiti wa kazi za viwandani. Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth, wataalamu wa Marekani waliochunguza namna wafanyakazi wanavyotumia mikono na muda wao, waliwasilisha mbele ya Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani chati inayoonyesha hatua za kazi moja baada ya nyingine, na katika miaka ya 1946 na 1947 Herman Goldstine na John von Neumann walitumia michoro ya jinsi hiyo kupanga mahesabu yatakayofanywa na kompyuta. Ndivyo ilivyopatikana chatimtiririko, ambayo baadaye ilisanifiwa ikawa na mistatili ya vitendo, almasi za maamuzi na mishale ya kuunganisha. Kwa miaka mingi ofisi nyingi zilidai chati hizo kabla ya kuipokea programu, lakini Brooks huyohuyo, katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975, alisema kuwa hajapata kumwona mwanaprogramu mzoefu mwenye mazoea ya kuchora chati za kina kabla hajaanza kuandika, na kwamba pale zilipodaiwa, mara nyingi zilichorwa kazi ikiwa imekwisha. Soko lilikuwa limeshaling'amua jambo hilo mapema: mwaka 1965 kampuni ya Applied Data Research ilianza kuuza Autoflow, programu iliyosoma msimbo uliokwisha kuandikwa na kuutolea chatimtiririko, nayo huhesabiwa miongoni mwa programu za kwanza kabisa kuuzwa kama bidhaa inayojitegemea. Kwamba moja ya bidhaa za mwanzo za biashara ya programu ilikuwa ya kuchora baadaye kile kilichopaswa kuchorwa kwanza ni kejeli ambayo historia ya zana hizi imeirudia mara nyingi.

Miaka ya 1970 ilileta michoro iliyoacha kufuata amri moja moja na kuanza kueleza mfumo mzima. Larry Constantine, Edward Yourdon na Tom DeMarco walieneza mchoro wa mtiririko wa data, unaoonyesha taarifa zinaingia wapi, zinachakatwa na nini na zinahifadhiwa wapi, bila kusema lolote kuhusu mpangilio wa amri. Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha modeli ya huluki na uhusiano, ambamo huluki ni kitu chochote kinachotunziwa kumbukumbu, kama vile mwanafunzi au ankara, na uhusiano ni kile kinachoziunganisha huluki hizo. Mchoro wa Chen, pamoja na alama zilizobadilishwa baadaye na wengine, ungali hai katika karibu kila mradi wenye hifadhidata, na sababu yake ni ya kiufundi kuliko ya kimazoea. Huluki hugeuka kuwa jedwali na sifa yake kuwa safu, hivyo kuna njia fupi na isiyo na utata kutoka kwenye mchoro hadi kwenye amri za kuunda hifadhidata, na zana inaweza kuipita njia hiyo kwenda na kurudi bila kupoteza chochote cha maana. Sifa hiyo ndiyo iliyokosekana katika michoro mingi iliyofuata.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 uandishi wa programu ulikuwa ukihamia kwenye mtindo wa vitu, yaani vipande vinavyobeba data pamoja na vitendo vinavyoihusu data hiyo, kila kitu kikitengenezwa kutokana na klasi, ambayo ni kiolezo cha vitu vya aina moja. Mtindo huo mpya ulizaa waandishi wengi wa njia za usanifu, kila mmoja na alama zake. Grady Booch wa kampuni ya Rational alichora klasi kama mawingu yenye kingo za nukta. James Rumbaugh na wenzake katika General Electric walichapisha mwaka 1991 njia iliyoitwa OMT, yenye mistatili iliyogawanywa, na Ivar Jacobson, Mswidi aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya simu ya Ericsson, alieneza visa vya matumizi, ambapo kila kisa hueleza jambo moja ambalo mtumiaji anataka mfumo umfanyie. Rumbaugh alijiunga na Booch katika Rational mwaka 1994, Jacobson akafuata mwaka 1995 kampuni yake iliponunuliwa, na kutokana na muungano huo ikatokea lugha moja ya michoro inayojulikana ulimwenguni kwa herufi UML. Shirika la Object Management Group, linaloweka viwango vya teknolojia hii, liliipitisha kwa toleo la 1.1 mnamo Novemba 1997, na toleo la 2.5.1, lililotolewa Desemba 2017, lina aina 14 za michoro, saba za muundo na saba za mwenendo. Haifai kusahau kwamba suluhu hiyo ya alama ilikuwa pia suluhu ya kibiashara, kwa kuwa Rational ilikuwa ikiuza zana iitwayo Rational Rose, na kampuni yenyewe ilinunuliwa na IBM mwaka 2003 kwa dola bilioni 2.1 za Marekani.

Kati ya aina hizo 14, mhandisi wa kawaida hukutana na tano au sita tu, na faida ya michoro hiyo huonekana vizuri zaidi kwa kuichunguza huduma ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kwa kuitumia kila siku, yaani kutuma pesa kwa simu, iliyoanza kuenea nchini Kenya mwaka 2007 kwa M-Pesa. Mchoro wa klasi wa huduma ya namna hiyo utakuwa na Mteja, Akaunti, Wakala na Muamala, kila klasi ikichorwa kwa mstatili wenye vyumba vitatu, cha juu kikiwa na jina, cha kati sifa na cha chini vitendo, na mistari kati ya mistatili hiyo ikibeba idadi katika ncha zake. Idadi hizo zinaonekana kuwa jambo dogo, lakini ndizo zinazolazimisha maswali ambayo mazungumzo ya kawaida huyaruka. Je, Mteja mmoja anaweza kuwa na Akaunti ngapi? Je, Akaunti inamfuata mtu au inaifuata laini ya simu, na laini ikisajiliwa upya kwa mtu mwingine, miamala ya zamani inabaki kuwa ya nani? Mchoraji anayetaka kuandika "1" au "0..*" kwenye ncha ya mstari hawezi kuendelea mpaka apate jibu, na hapo mchoro unakuwa umeshalipa gharama yake hata kabla haujakamilika.

Mchoro wa mfuatano hufanya kazi nyingine. Washiriki hupangwa juu kwa mlalo, kila mmoja akiteremshiwa mstari wa vipande unaowakilisha uhai wake, na ujumbe huchorwa kama mishale inayopita kutoka mstari mmoja hadi mwingine, wakati ukishuka kuelekea chini ya ukurasa. Mtumaji anatuma ombi, seva inathibitisha namba ya siri, daftari la hesabu linapunguza salio la mmoja na kuongeza la mwingine, kisha ujumbe mfupi unakwenda kwa wote wawili. Likichorwa hivyo, jambo linalohitaji kuamuliwa hujitokeza lenyewe katikati ya mishale, kwa sababu kila mshale ni mahali ambapo mtandao unaweza kukatika, na mshale wa ujumbe mfupi ukipotea baada ya salio kupungua, mtumaji ataamini kwamba pesa haikwenda na atatuma tena. Dawa yake, ambayo ni kuipa kila amri namba ya pekee ili seva iitambue amri iliyorudiwa na isiitekeleze mara ya pili, ni rahisi kuiweka siku ya usanifu na ni ngumu kuiingiza baada ya huduma kuanza kutumika.

Mchoro wa hali unastahili nafasi kubwa kuliko unayopewa. David Harel, mwanasayansi wa kompyuta wa Israeli, aliubuni katika sura yake ya kisasa alipokuwa akishauri, kuanzia mwaka 1983, utengenezaji wa mifumo ya ndege ya kivita ya Lavi, ambako aliwakuta wahandisi wakieleza kwa kurasa na kurasa za maneno namna ndege inavyopaswa kuitikia kila kitufe katika kila mazingira, na makala yake ya mwaka 1987 ndiyo iliyoiingiza njia hiyo katika taaluma na baadaye katika UML. Hali ni kipindi ambacho kitu kiko katika namna fulani kikisubiri tukio, na mshale ni tukio linalokihamisha kwenda hali nyingine. Muamala wa pesa unaweza kuwa umepokelewa, umethibitishwa, umekamilika, umekataliwa au umerejeshwa, na kanuni moja tu inatosha kuufanyia mchoro huo ukaguzi mzito: kila hali isiyo ya mwisho lazima iwe na mshale unaotoka. Hali ya kusubiri isiyo na mshale wa kutokea baada ya muda kupita ni pesa ya mteja iliyokwama, na katika msimbo kasoro hiyo haionekani kwa macho kwa kuwa kilichokosekana hakijaandikwa popote. Inashangaza, basi, kwamba katika mafunzo ya vyuo mchoro huu hupitwa haraka ilhali visa vya matumizi, ambavyo kwa sehemu kubwa ni vikatuni vya watu walioelekezwa kwenye duaradufu zenye majina ya vitenzi, hupewa kurasa nyingi. Jacobson mwenyewe alikusudia maelezo ya maandishi yaliyo nyuma ya kila duaradufu yawe ndiyo kazi hasa.

Zana zinazotumika kuchora haya yote zinafanana kwenye skrini lakini zinatofautiana kwa asili. Kundi la kwanza ni zana za kuchora tu, kama Visio ya Microsoft au draw.io, ambamo mstatili ni mstatili na mshale ni mshale, na kompyuta haijui kuwa mstatili ulioandikwa "Akaunti" katika ukurasa wa kwanza una uhusiano wowote na ule ulioandikwa "Akaunti" katika ukurasa wa tano. Kundi la pili ni zana za kuunda modeli, kama Rational Rose ya zamani, Enterprise Architect ya kampuni ya Sparx Systems ya Australia, Visual Paradigm, au zile za bure kama Papyrus na Modelio. Katika zana hizi kinachohifadhiwa kwanza si picha bali modeli, yaani ghala la taarifa lenye orodha ya klasi, sifa, vitendo na uhusiano wake, na kila mchoro ni dirisha tu la kuchungulia sehemu ya ghala hilo. Klasi moja inaweza kuonekana katika michoro kumi, na jina lake likibadilishwa mahali pamoja linabadilika kote. Mshale wa mchoro wa mfuatano unaweza kuunganishwa na kitendo halisi cha klasi inayoupokea, hivyo zana inaweza kulalamika ikiwa ujumbe unatumwa kwa klasi isiyo na kitendo hicho.

Tofauti hiyo ndiyo nguvu ya zana za modeli, na ndiyo pia inayowachanganya wanaoanza. Mtumiaji akibofya mstatili na kubonyeza kitufe cha kufuta, zana nyingi huondoa mstatili kwenye mchoro tu na kuiacha klasi ghalani, ilhali amri nyingine huifuta klasi yenyewe na kuitoa katika michoro yote, na asiyejua ipi ni ipi hupoteza kazi ya wiki au hujikuta na ghala lililojaa klasi zisizoonekana popote. Vilevile kuburuta klasi kutoka ghalani hadi kwenye mchoro si sawa na kuchora mstatili mpya na kuuandika jina lilelile, kwa kuwa njia ya pili huzaa klasi mbili zenye jina moja. Ni kasoro inayopatikana katika miradi mingi ya wanafunzi.

Ufundi wa kuchora wenyewe hauna siri kubwa, ila alama za UML zimekosolewa kwa haki. Daniel Moody, katika makala yake ya mwaka 2009 kuhusu kanuni za kubuni alama za kuonekana, alionyesha kwamba lugha za michoro za uhandisi wa programu zilibuniwa bila kuzingatia namna jicho na akili zinavyotambua maumbo, na UML ilikuwa miongoni mwa mifano yake. Almasi tupu kwenye ncha ya mstari humaanisha kitu kimoja kinavikusanya vingine, almasi iliyojazwa humaanisha kinavimiliki na kikifa vinakufa nacho. Mstari wa vipande wenye mshale wazi ni utegemezi, ilhali mstari wa vipande wenye pembetatu tupu ni utekelezaji wa kiolesura, yaani ahadi ya vitendo ambavyo klasi italazimika kuwa navyo. Msomaji asiye mtaalamu hawezi kukisia tofauti hizi, na hata wataalamu hubishana kuhusu almasi tupu. Mchoraji mwenye busara hutumia alama chache, huweka ufafanuzi wake pembeni, na huugawa mchoro unapovuka visanduku kumi na tano au ishirini, kwa kuwa mchoro wa klasi 200, ambao zana inaweza kuutoa kwa kubofya mara moja, haumfundishi mtu chochote zaidi ya kwamba mfumo ni mkubwa.

Ahadi kubwa zaidi ya zana za modeli ilikuwa kwamba mchoro utageuka msimbo na msimbo utageuka mchoro bila jasho. Nusu ya kwanza ya ahadi hiyo ni rahisi kwa mchoro wa klasi, maana zana inaweza kuandika majina ya klasi, sifa na vichwa vya vitendo, ikiacha miili ya vitendo hivyo ijazwe na mwanaprogramu. Nusu ya pili nayo inawezekana, kwa kusoma msimbo na kutoa klasi zilizomo. Ugumu unaanza mambo haya mawili yanapotakiwa yafanyike kwa pamoja, kwa sababu mwanaprogramu akibadilisha jina la kitendo katika msimbo, zana haijui kama kitendo cha zamani kimefutwa na kipya kimeongezwa au ni kilekile kilichopewa jina jingine. Rational Rose ilijaribu kulitatua hilo kwa kupachika ndani ya msimbo mistari ya maelezo yenye alama za utambulisho na maeneo yaliyotengwa ambayo mwandishi aliruhusiwa kuyajaza, na wengi waliona kuwa msimbo wao umevamiwa na maandishi ya mashine. Lililo zito kuliko hilo ni kwamba muundo wa klasi ni sehemu nyepesi ya programu. Mantiki iliyo ndani ya vitendo, ambayo ndiyo inayokula muda na kuzaa makosa, haipatikani kwenye mchoro wa klasi, na ikichorwa kwa ukamilifu katika michoro ya shughuli, ile ya UML inayoonyesha hatua za utekelezaji, mchoro unakuwa mrefu na mgumu kusomeka kuliko msimbo uliokusudiwa kuufafanua.

Object Management Group ilisonga mbele zaidi mwaka 2001 ilipotangaza mpango wa usanifu unaoongozwa na modeli, ambao ulitaka wahandisi wachore modeli isiyofungamana na teknolojia yoyote, kisha zana iigeuze kuwa modeli ya teknolojia mahususi na hatimaye kuwa msimbo. Ili modeli ziweze kuhama kutoka zana moja hadi nyingine kulikuwa na muundo wa faili uitwao XMI, lakini katika utendaji faili lililotoka kwenye zana moja mara nyingi lilifika kwenye nyingine likiwa limepoteza mpangilio wa picha au sehemu ya maana, na aliyeweka kazi ya miaka ndani ya zana ya kampuni moja alibaki mfungwa wa kampuni hiyo. Mpango huo haukuwa ndoto tupu mahali pote. Katika mifumo iliyopachikwa ndani ya magari, ndege na mitambo, zana kama Simulink na SCADE hutoa msimbo moja kwa moja kutoka kwenye michoro, na SCADE imetumika katika mifumo ya kuongoza ndege za Airbus, ikiwemo A380. Zana hizo zilifanikiwa kwa kuwa uwanja wao ni finyu, lugha yao ya michoro ina maana moja iliyobainishwa kihisabati, na wahandisi wa udhibiti walikuwa wameshazoea kuchora visanduku na ishara kabla kompyuta hazijaingia katika kazi yao. Hapo mchoro ndio programu, na hakuna msimbo wa pembeni wa kushindana nao.

Kwingineko upepo uligeuka. Ilani kuhusu namna ya kutengeneza programu, iliyotiwa saini na watu 17 huko Snowbird, Utah, mwezi Februari 2001, iliipa programu inayofanya kazi uzito kuliko nyaraka kamilifu, na ingawa haikukataza michoro, wengi waliisoma kana kwamba imeikataza. Marian Petre wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza alipowahoji wahandisi wa programu 50 wa kitaaluma na kuchapisha matokeo mwaka 2013, 35 kati yao walisema hawatumii UML kabisa, 11 waliitumia kwa kuchagua sehemu zinazowafaa, watatu waliitumia kutoa msimbo, na hakuna aliyeitumia kwa ukamilifu. Microsoft nayo iliondoa michoro ya UML katika Visual Studio ya mwaka 2017. Lakini takwimu za Petre zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa kutotumia UML si kutochora. Martin Fowler, mwandishi wa kitabu kifupi kilichofundisha UML kwa watu wengi, aliwagawa watumiaji wake katika wale wanaochora rasimu ya mazungumzo, wale wanaochora ramani ya kina ya ujenzi na wale wanaotaka mchoro uwe lugha ya programu. Kilichoporomoka ni kundi la pili, lililogharimu kama la tatu bila kuhakikiwa na mashine, na lililodai uaminifu ambao kundi la kwanza halikuwahi kuudai.

Vyuo vya Afrika Mashariki, kama vyuo vya kwingineko, vimebaki kwa kiasi kikubwa katika kundi hilo la pili. Ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho hutarajiwa kuwa na michoro ya visa vya matumizi, ya klasi na ya mfuatano, na si siri kwamba wanafunzi wengi huichora baada ya programu kukamilika, wiki ya kufunga ripoti. David Parnas na Paul Clements, katika makala yao ya mwaka 1986, waliitetea tabia inayokaribiana na hiyo, wakisema kwamba usanifu wa kimantiki kabisa hauwezekani, lakini ni vizuri nyaraka ziandikwe kana kwamba umewezekana, ili msomaji wa baadaye asilazimike kupita njia zote zilizopotea. Utetezi wao, hata hivyo, uliwahusu wanaorekebisha nyaraka pamoja na msimbo. Mwanafunzi anayechora ili kutimiza sharti hajiulizi swali ambalo mchoro ungemfichulia, na mtahini anayehesabu michoro badala ya kuihoji anamthibitishia kwamba kazi yenyewe ni pambo.

Zana mpya zimejaribu kushusha gharama badala ya kuongeza ahadi. PlantUML, iliyoanza mwaka 2009, na Mermaid, iliyoanza mwaka 2014, humtaka mwandishi aandike mistari michache ya maneno, kwa mfano kwamba Mtumaji anatuma ombi kwa Seva, kisha programu yenyewe inachora. Kwa kuwa mchoro sasa ni maandishi, unaweza kuhifadhiwa katika ghala lilelile la msimbo, ukalinganishwa toleo kwa toleo, na mhakiki wa mabadiliko ya msimbo akaona kwenye ukurasa uleule kwamba mshale mmoja umeongezwa, na tangu Februari 2022 tovuti ya GitHub huichora michoro ya Mermaid moja kwa moja. Kinachopotea ni udhibiti wa mpangilio, maana mashine huamua kisanduku kikae wapi, na mchoro wenye visanduku vingi hutoka ukiwa na mistari iliyopindana vibaya. Kinachopotea pia, na hili husemwa kwa nadra, ni modeli: faili la Mermaid halijui lolote kuhusu faili jingine la Mermaid, kwa hiyo kwa upande huo ni kurudi kwenye Visio kwa njia ya kibodi. Modeli ya C4 ya Simon Brown, inayoueleza mfumo kwa viwango vinne kuanzia mazingira yake ya nje hadi msimbo, na zana ya Structurizr inayoambatana nayo, imerudisha ghala moja lenye michoro mingi, safari hii ghala likiwa ni maandishi.

Jambo lenye uzito zaidi katika mwelekeo huu limetokea kwenye zana isiyochora kabisa. ArchUnit ni maktaba ya lugha ya Java inayomwezesha mwanaprogramu kuandika majaribio ya usanifu, kwa mfano kwamba sehemu ya miamala haiwezi kuita moja kwa moja sehemu ya ripoti, na inaweza pia kusoma mchoro wa vijenzi ulioandikwa kwa PlantUML na kuuchukulia kama sheria, hivi kwamba kijenzi kinaruhusiwa kumtegemea mwenzake pale tu penye mshale. Kila mara msimbo unapojengwa upya, mchoro unahakikiwa, na utegemezi ambao haukuchorwa unavunja ujenzi mpaka mtu aamue kama kinachorekebishwa ni msimbo au ni mchoro. Katika mpangilio huo mchoro hauhitaji kubeba mantiki yote ya programu kama Rational Rose ilivyotamani, wala hauachwi uoze kama chati za miaka ya 1960, kwani unasema jambo moja tu, nani anaruhusiwa kumjua nani, na kwa jambo hilo moja mashine haikubali mchoro uwe wa uongo.